Rola imekatwa na kisu na pembeni mpira unaachia chuma: kabla ya kuuliza gundi gani, anzia hapa

Msomaji mmoja kaniuliza, nafupisha: "Tuna mashine ya karatasi yenye rola mbili zinazobana na kuvuta, ya juu chuma tupu, ya chini imevikwa mpira mweusi. Kipenyo milimita 200, unene wa mpira milimita 12, mashine inatembea mita 60 kwa dakika. Karatasi ilijisokota kwenye rola, kijana akaikata kwa kisu akapitiliza, sasa mpira una mpasuko wa milimita 60 unaofuata urefu wa rola na umezama milimita 5. Tuliweka supa gluu ikashika vizuri, siku ya pili jioni ikafunguka. Halafu nimeona upande mmoja mwishoni mpira umeanza kuachia chuma, ukucha unapita. Huwa tunaisafisha kwa thina kila siku. Gundi gani inafaa, au ndo tukaivishe mpira upya?"

Asante kwa kuleta vipimo ndugu yangu, maana wengi wanaandika tu "rola imeharibika nifanyeje" na hapo unabaki unabahatisha. Jibu fupi ni hili: ule mpasuko wa kisu unazibika, tena vizuri tu, ila sio kwa supa gluu. Kule mwishoni mpira ulikoachia chuma, ambako umekutaja kama nyongeza, ndo kwenye shida yenyewe, na huko hamna gundi yoyote ya kuingiza itakayokusaidia. Huko ndo kutaamua kama rola inarudi kazini au inaenda kuvishwa upya, kwa hiyo tuanze na huko, kisu tutakirudia.

Mpira wa rola haukubandikwa kama soli ya kiatu. Siku inatengenezwa chuma kilipigwa chembe kali kwa presha ya hewa mpaka kikawa kisafi na chenye ukwaru, kikapakwa praima na gundi maalum kabla hakijapata kutu hata ya masaa machache, juu yake mpira mbichi ukazungushwa tabaka kwa tabaka, ukafungwa tepu ya nailoni kwa nguvu, kisha rola nzima ikaingia kwenye tanuri la mvuke lenye presha, nyuzi 140 hadi 150 hivi za Selsiasi, kwa masaa. Mpira umeiva ukiwa tayari umekishika chuma. (Nyingine zina tabaka jembamba la chini la mpira mgumu kama pembe, ebonaiti, kusaidia huo mshiko.) Mshiko wa namna hiyo unapatikana mara moja tu, kwenye lile joto. Ukishaachia, pale chini pana kutu, thina iliyopenya, vumbi la karatasi, na huwezi kuingiza brashi ukapasafisha kwa sababu upenyo wenyewe unapitisha ukucha tu. Gundi utakayoingiza kwa sindano itashika kutu, na kutu haijashika chochote. Nimewahi kuitwa kuangalia rola waliyoitoboa matundu wakaingiza gundi mpaka ikafurika, kwa macho ilionekana imepona kabisa, zikapita wiki chache ukanda wa mpira ukachomoka mashine ikiwa kasi ukaingia katikati ya rola mbili, na shafti ya rola ya juu ikapinda. Kilichokuwa kazi ya rola moja kikawa kazi ya rola mbili na beringi zake. Ndo maana nasisitiza hili mpaka watu wananiona msumbufu.

Sasa pima uachiaji umefika wapi. Zima umeme kabisa, funga swichi na kufuli, ondoa mbano, na kama unaweza itoe rola uiweke kwenye stendi ikiwa imekaliwa na shingo za shafti, usiilaze juu ya mpira wake. Chukua sarafu au nyundo ndogo ya plastiki, gonga taratibu huku unaizungusha kwa mkono. Mpira ulioshika unatoa mlio mkavu mfupi, ulioachia unatoa mlio mzito wa utupu, na ukigonga hapa na pale mara kadhaa sikio linazoea haraka. Kila unapousikia huo mlio wa utupu weka alama ya chaki. Pembeni kwenye ufa ingiza feler geji (kibati chembamba cha kupimia upenyo), ya milimita 0.1 hivi, isukume bila kulazimisha, weka alama ilipoishia, sogea kidogo, rudia mpaka umalize mzunguko. Usiishie mwishoni tu, gonga rola nzima na hasa kuzunguka ule mpasuko wa kisu, maana unaweza kukuta na huko kati pana lengelenge ambalo hujawahi kuliona.

Hapo kuna majibu matatu. Ukikuta utupu popote katikati ya rola, acha, ikavishwe upya. Ukikuta pembeni kumeachia mpaka ndani ya upana ambao karatasi inapita, ikavishwe upya pia. Lakini ukikuta umeachia sentimita mbili tatu tu pembeni na karatasi yako haifiki huko (hujaniambia upana wa karatasi na urefu wa rola, lakini rola nyingi zinazidi karatasi kila upande), basi una njia ya tatu ambayo watu wengi hawaijui: usiubandike ule mpira ulioachia, ukate uutoe.

Kazi hii ni bora ifanyike kwenye mashine ya kukereza. Unarudi nyuma mpaka ufike kwenye mpira ulioshika kweli, halafu unaongeza milimita 10 za usalama, na ule ukingo mpya hauachwi wima kama ukuta bali unakatwa kwa mshazari, nyuzi 45 au ulale zaidi ya hapo. Sababu ni kwamba mpira haugandamiziki kama sponji, ukiuminya juu unatafuta pa kutokea pembeni, na ukingo uliosimama wima ukiwa chini ya mbano unasukumwa nje kila mzunguko mpaka unajibandua wenyewe kwenye chuma. Ukilala mshazari, pale kwenye kona mgandamizo unakuwa umepungua. Nadhani hata ukingo wako wa sasa ukiuangalia utakuta uko wima kabisa, na hapo utakuwa umepata nusu ya sababu. Ukimaliza kukata, safisha chuma kilichobaki wazi, kipake rangi ya kuzuia kutu, na ule mstari mpira unapokutana na chuma uuzibe na lile lipu la mpira nitakalolieleza chini, ili kimiminika kisipate njia tena.

Vile vipande ulivyokata usivitupe! Hiyo ndo sampuli yako na ina thamani kubwa, kwa sababu swali la gundi gani au lipu gani halijibiki bila kujua mpira ni wa aina gani, na rangi nyeusi haikuambii kitu. Kipande kimoja kipime unene kwa venia (kipimo cha taya cha milimita) ukilowekee kwenye mafuta ya mashine siku nzima, kingine kwenye thina yako, kesho yake pima tena. Kama kwenye mafuta hakijabadilika kitu cha maana, huenda ni nitrili, mpira wa sintetiki unaovumilia mafuta, au jamii yake. Kama kimevimba na kuwa laini, unaweza kuwa mpira wa asili au EPDM, nao mpira wa sintetiki. Chukua pia punje ndogo kama harage uichome nje penye hewa, ukiwa umekaa upande upepo unakotoka, ikiacha majivu meupe huenda hiyo ni silikoni na hapo sahau kiraka, karibu hamna kinachoshika kwenye silikoni zaidi ya silikoni yenyewe. EPDM nayo ni mbishi kwenye gundi. Nitrili, mpira wa asili na neoprini vinakubali vizuri vikisagwa uso. Na jaribio la maana kuliko yote ni kubandika ile dawa unayotaka kununua kwenye kipande chako, kuiacha ikauke kabisa, halafu kuivuta kwa koleo. Ikichanika mpira wenyewe kabla ya kubanduka, umepata. Ikibanduka safi kama stika, umeokoa muda wako na mashine yako.

Kitu kingine cha kupima ni ugumu. Kuna kifaa kidogo cha mkononi kinasoma kipimo cha Shore A, kutoka 0 hadi 100, unakibonyeza kwenye mpira unasoma namba. Pima sehemu tano sita za rola. Mpira unazeeka na kukakamaa, hivyo rola iliyotoka na 60 inaweza leo kusoma 68, na kiraka chako kinatakiwa kifanane na leo, sio na namba iliyoandikwa kiwandani. Tofauti isizidi 5. Kiraka kigumu kuliko mpira unaokizunguka kinakuwa kama kokoto kwenye soli, na kilicho laini sana kinazama kwenye mbano na kingo zake zinafunguka. Ila ukikuta rola nzima imepanda zaidi ya pointi 10 kutoka ilivyokuwa mpya, uso unang'aa kama kioo na una vipasuko vidogo vidogo, hapo mi nisingehangaika na kiraka, mpira wote umechoka na kesho utapasuka pengine.

Sasa kisu. Kwanza niseme kwa nini supa gluu ilikubali halafu ikakataa. Mzunguko wa rola yako ni 200 mara 3.14, yani milimita 628, kwa hiyo kwenye mita 60 kwa dakika inazunguka karibu mara 95 kila dakika, kama mara 5,700 kwa saa. Mkifanya kazi saa 8, siku mbili ni zaidi ya mara 90,000 mpasuko wako umepita kwenye mbano, na kila ukipita mpira unasukumwa mbele, unavimba, unarudi, na kwa sababu mpasuko umelala kufuata urefu wa rola, kila mara unajaribu kufunguka mdomo. Supa gluu ikikauka inakuwa ngumu na inavunjika kama kioo. Ilishika mpira vizuri tu, ila haikuweza kujinyoosha nao.

Kuna anayeweza kukushauri usage rola nzima mpaka mpasuko uishe. Kwa mikwaruzo ya nusu milimita ndo tiba sahihi, lakini kwako ni milimita 5 kila upande, kipenyo kinashuka hadi 190 na mzunguko unakuwa milimita 597, yani kila ikizunguka inavuta karatasi pungufu kwa milimita 31, karibu asilimia 5. Kama imeunganishwa kwa gia na sehemu nyingine za mashine, karatasi italegea kabla ya rola na kukazwa baada yake, na utaanza kutafuta ugonjwa ambao haupo. Pia mpira wa milimita 7 juu ya chuma unajibu kama mgumu zaidi kuliko wa 12 hata kama ni mpira uleule. Kwa hiyo hapana.

Njia ninayokushauri ni lipu la poliyurethani la vipande viwili, dawa na hadina (kigumisho chake), lile linalokauka likiwa mpira na sio plastiki, na likiwa na namba ya Shore A karibu na yako. Kwanza usizibe mpasuko kama ulivyo, lazima uufungue. Ufa mwembamba haujazwi mpaka chini, dawa inaziba mdomo tu na chini ufa unaendelea kutembea. Kwa kisu kikali kilicholoweshwa maji ya sabuni kata umbo la mashua: ndefu kidogo kuliko mpasuko, tuseme milimita 75, katikati imezama milimita 6 hivi ili uhakikishe umeumaliza ufa, na kuta zote zinapanda kwa mteremko wa taratibu kutoka chini hadi juu, ncha zikiwa za duara. Kona kali hapana, ufa mpya unazaliwa kwenye kona. Utabaki na milimita 6 za mpira mzima chini, kwa hiyo chuma hujakigusa, na hilo ni jema, maana kisu kingefika kwenye chuma ningekuwa nakuandikia barua nyingine.

Osha ile sabuni, acha pakauke kabisa. Hapa ndo wengi wanaharibu. Hadina ya poliyurethani ikikutana na maji inatoa gesi, lipu linajaa vishimo kama mkate, na usoni unaweza usione. Pakiwa pakavu saga kuta zote kwa jiwe la ukwaru kwenye drili, spidi ndogo, mpaka ule mng'ao uishe na uso uwe kama suede, ile ngozi yenye vinyweleo. Ukiona moshi au ukisikia harufu ya kuungua umeenda kasi mno, mpira ulioungua unakuwa na utando unaoteleza na inabidi uusage tena. Ondoa vumbi kwa brashi kavu na vakyumu, usipulize na kompresa kwa sababu hewa yake ina mafuta na unyevu. Futa mara moja kwa kitambaa cheupe chenye kisafishio kile mtengenezaji wa lipu alichokiandika, kisha usiguse tena kwa kidole, subiri nusu saa kinachotakiwa kuruka kiruke. Halafu praima yake, tabaka jembamba, na uheshimu muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye kopo.

Changanya kwa mzani, sio kwa macho. Hadina pungufu inaacha lipu likinata milele, ikizidi linakuwa gumu. Koroga taratibu ukikwangua kuta za chombo, usipige kama mayai. Zungushia masikingi tepu kuzunguka shimo, paka kwanza safu nyembamba uisugue kwa nguvu ndani ya ukwaru wa mpira, halafu jaza kutoka ncha moja kwenda nyingine ili hewa iwe na pa kutokea, na ulipitishe uso wa rola milimita moja au mbili. Rola ikae na shimo likitazama juu. Vaa glavu, fungua madirisha, kusiwe na moto wala cheche karibu, na asiye na kazi pale akae mbali maana mvuke wa hadina sio wa kuvuta.

Acha siku nzima au zaidi kama kopo linavyosema, na usiharakishe kwa bunduki ya joto.

Kusawazisha kunahitaji uvumilivu. Mtu akisaga kwa mkono mtupu anatengeneza bonde, kwa sababu mpira na lipu havisagiki sawa. Tumia kibao kilichonyooka, kirefu kuliko kiraka, ukifunge msasa namba 80 uanze, halafu 120, malizia na 240, ukienda kufuata urefu wa rola na kuizungusha kidogo kidogo kwa mkono. Ikiwezekana kabisa ipandishe kwenye mashine ya kukereza yenye grinda, upitishe mara moja hafifu rola yote. Pima kwa geji ya saa (kipimo chenye mshale kinachoonyesha uso ulipoinuka au kuzama) ukiizungusha taratibu. Kiraka kilichoinuka hata milimita 0.1 kinagongwa kila mzunguko, mara 95 kwa dakika, kwa hiyo bora kiwe sawasawa au kizame unywele mmoja kuliko kuinuka. Na kamwe usisage rola ikiwa kwenye mashine inazunguka kwa mota yake huku mbano umefungwa, mikono mingi imepotelea hapo.

Njia nyingine ni kiraka cha moto, mpira mbichi wa aina ileile unaminywa na sahani ya joto, kama wanavyofanya kwenye mikanda ya kubebea mizigo. Kikifanywa na anayejua ni imara kuliko lipu, lakini inabidi upate mpira mbichi unaofanana na wako na udhibiti joto, na chuma cha ndani kinanyonya joto unadhani umeiva kumbe juu tu. Kwa mpasuko wako sio lazima.

Jambo moja unijibu nafsini mwako: hiyo karatasi inapakwa wino au gundi pale pale kwenye hii rola? Kama rola inavuta tu, kiraka hakina tatizo. Kama uso wake unagusa wino au unalainisha kitu cha kung'aa, kiraka hata kiwe kizuri kiasi gani kitaacha kivuli kila baada ya milimita 628, hapo nenda kwenye kuvishwa upya bila kujadili. (Na hiyo hesabu ikusaidie siku nyingine, ukiona doa linalojirudia kwenye karatasi pima umbali kati ya doa na doa, gawanya kwa 3.14, unapata kipenyo cha rola yenye kosa.)

Sababu za kuachia nazo zishughulikie, la sivyo na rola mpya itaachia vilevile. Thina ya kila siku naituhumu sana. Inavimbisha mpira, inapenya kwenye ukingo, inakaa kati ya mpira na chuma ikila gundi polepole. Tumia maji ya uvuguvugu na sabuni laini, na kwa uchafu mkaidi kitambaa kilicholoweshwa kidogo spiriti ya isopropili, kitambaa ndo kiloweshwe, sio kumwagia rola. Pia pima mbano: weka vipande vya karatasi vyenye upana sawa kushoto, kati na kulia, funga rola zikiwa zimesimama, vivute kimoja kimoja. Upande unaokataa kabisa kutoka ndo unaobanwa zaidi, na sitashangaa ukiwa ni uleule uliobanduka. Kile kisu kiondolewe pale, waweke kulabu ya plastiki au ya mbao ya kufungulia karatasi iliyojisokota.

Ikibidi kuvishwa upya, unapoipeleka waambie kipenyo cha mwisho, ugumu kwa Shore A, upana halisi wa karatasi, spidi, joto, na kila kimiminika kinachogusa rola pamoja na cha kusafishia. Waombe kingo za mshazari. Waulize wanaondoaje kutu, na muda gani unapita kati ya kupiga chembe na kupaka praima, na kama watapima ugumu sehemu kadhaa mbele yako. Fundi mzuri hakasiriki na hayo maswali. Na mtu asichomelee shingo za shafti mpira mpya ukiwa tayari umevikwa, joto linatembea kwenye chuma na kubandua ukingo, uchomeleaji wote unatangulia.

Ukifanya kiraka, siku ya kwanza endesha nusu spidi na mbano mwepesi kwa saa moja, zima, fungia umeme, gusa kiraka kwa mkono. Kikiwa cha moto kuliko mpira wa jirani yake kimeinuka au ni kigumu mno, rudisha msasa. Kikiwa sawa panda spidi kamili, kigonge tena kwa sarafu mwisho wa zamu ya kwanza na baada ya wiki. Ukishapima ule ufa wa pembeni niandikie umeingia milimita ngapi na karatasi yako ina upana gani, nitakuambia kama kuukata kunatosha.